Kifua kikuu: Rejista iliyounganisha hospitali na zahanati

Mgonjwa wa kifua kikuu huanza kupata nafuu wiki chache tu baada ya kuanza dawa. Homa hukoma, hamu ya kula hurudi, kikohozi hupungua. Hapo ndipo penye hatari, kwani anayejiona mzima haoni haja ya kumeza vidonge kwa miezi mingine. Akiacha, vimelea vilivyosalia huzaliana upya, na vingine huwa sugu.

Tanzania ililijua tatizo hilo mapema, na dawa mpya zilikuwa sehemu tu ya jibu lake. Sehemu kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba mgonjwa anapotoka mikononi mwa hospitali, kuna mtu anayejulikana wa kumpokea.

Enzi za ukoloni, tiba ilitegemea kumtenga mgonjwa. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, na wengi waliletwa kutoka mbali, wakakaa huko kwa muda mrefu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini. Zahanati na vituo vya afya vikaongezeka, na baadhi ya hospitali za misheni zikafanywa hospitali teule za wilaya. Huduma ilisogea karibu na wananchi, lakini kila mlango ulikuwa na daftari lake. Aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya misheni angeweza kupotea kabisa kabla ya kufika zahanati ya serikali kijijini kwao.

Mratibu na pikipiki

Mwaka 1977 Wizara ya Afya ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu kutoka nje alikuwa Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Styblo na wenzake wa Tanzania hawakujenga mtandao wa hospitali maalumu. Waliutumia mfumo uliokuwapo, wakauongezea kiungo kimoja: mratibu wa kifua kikuu na ukoma katika kila wilaya, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya, akisimamiwa na mratibu wa mkoa. Mratibu alizunguka kwa pikipiki, akipitia hospitali na zahanati, za serikali na za dini. Alikagua darubini za kupimia makohozi, akahesabu dawa, akalinganisha kadi za wagonjwa na rejista ya wilaya. Kila robo mwaka ilibidi aeleze hatima ya kila aliyeandikishwa: amepona, amefariki, amehamia wilaya nyingine au ameacha dawa. Rejista haikuruhusu mtu kutoweka kimyakimya.

Mapema miaka ya 1980 ilianza kutumika tiba ya muda mfupi yenye rifampicin, iliyochukua miezi minane badala ya mwaka mzima. Dawa hiyo ilikuwa ghali, na kuitumia ovyo kungezaa usugu. Kwa hiyo mgonjwa alilazwa miezi miwili ya kwanza, akimeza dawa mbele ya muuguzi, kisha akakabidhiwa zahanati ya karibu na kwake kwa miezi sita iliyobaki.

Karibu asilimia 80 ya wagonjwa wapya walipona, tena katika nchi yenye uchumi uliodhoofika. Benki ya Dunia iliutaja mpango huo mwaka 1993 kuwa mfano wa tiba yenye tija kubwa ikilinganishwa na gharama yake. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na muda mfupi baadaye likaanza kuzihimiza nchi nyingine zifuate utaratibu huo, kwa jina la DOTS.

Mtihani wa Ukimwi

Ukimwi, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, uliuelemea mfumo huo. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa kila mwaka waliongezeka kutoka takriban 12,000 hadi zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wodi zilifurika, na kumlaza kila mtu miezi miwili hakukuwezekana tena. Ikabidi mnyororo urefushwe hadi nyumbani: mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kumeza dawa chini ya uangalizi wa ndugu au jirani aliyefundishwa. Kliniki za kifua kikuu na za Ukimwi nazo zikalazimika kupashana habari, kwa sababu mara nyingi zilimtibu mtu yuleyule.

Tanzania bado imo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, kwa hiyo kazi haijaisha. Lakini somo la 1977 linavuka mipaka ya kifua kikuu. Leo wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu hugunduliwa hospitalini, kisha hurudi vijijini wakiwa na dawa za mwezi mmoja, bila mtu wa kuuliza kwa nini hawakurejea. Halmashauri inayopanga bajeti ya jengo jipya iweke pia fungu la mratibu, mafuta ya pikipiki yake na rejista inayosomwa pande zote mbili. Hayo ni matibabu kama vidonge vyenyewe, na yanastahili kulipiwa.