Habari za Jina la Kambarage

Wazee wetu wa zamani walikuwa na desturi ya kumtazama mtoto siku ya kuzaliwa kwake, wakayatazama na mambo yaliyotokea siku hiyo, ndipo wakampa jina. Aliyezaliwa wakati wa njaa aliitwa kwa njaa, na aliyezaliwa safarini aliitwa kwa safari. Hivyo jina lilikuwa kama kitabu kwa watu wasiokuwa na vitabu.

Leo twataka kueleza habari za jina ambalo karibu kila mtu katika Tanzania amelisikia, walakini ni wachache sana waliopewa. Jina hilo ni Kambarage. Na sababu ya kuandika ni hii. Siku moja ya kuandikisha watoto shuleni, alikuja kwetu mzazi mmoja wa Jangwani, katika mji wa Dar es Salaam, pamoja na mwanawe. Tulipouliza jina la mtoto, alilitaja jina la ubatizo, akanyamaza. Tulipotaka kujua na jina la nyumbani, alijibu kwa sauti ndogo kwamba mtoto ameitwa kwa jina la babu yake, ila afadhali tusiliandike, kwa kuwa ni la kipagani. Neno hilo lilitukaa moyoni. Basi tumeona ni vema tulichunguze jambo hili kwa njia ya historia, kabla ya kulikata shauri.

Tuanze hapo hapo Jangwani, maana majina ya mahali nayo yana habari zake. Karibu na Jangwani pana soko kubwa la Kariakoo. Neno Kariakoo limetoka katika maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita kuu ya kwanza. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka wa 1916, na wapagazi hao wakawekwa mahali hapo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Lakini mchuuzi akitaja soko lake leo, hata kama hajui, awataja wao.

Jangwani nako kwatokana na neno jangwa, yaani nchi tupu. Walakini mahali penyewe ni bonde la mto Msimbazi, na mvua zikizidi, maji huingia majumbani. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika mji ule, na jamaa nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kumbe jina la mahali laweza kusema ukame, na mahali penyewe pakajaa maji. Basi tusilihukumu jina kwa kulisikia tu.

Sasa twende mbali kidogo, mpaka nchi ya Wazanaki, upande wa mashariki wa ziwa la Victoria. Huko Butiama, tarehe 13 Aprili 1922, alizaliwa mtoto wa mtemi Nyerere Burito. Mama yake aliitwa Mugaya, naye baadaye alibatizwa Christina. Kwanza mtoto aliitwa Mugendi, maana yake kwa Kizanaki ni mtembezi. Lakini haukupita muda mrefu jina hilo likabadilishwa kwa shauri la mwaguzi, ambaye Wazanaki humwita omugabhu. Akaitwa Kambarage. Hilo ni jina la pepo wa mvua, naye kwa itikadi yao ni wa kike. Husimuliwa pia ya kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana.

Jina la baba yake nalo lilikuwa na habari. Nyerere kwa lugha ile ni viwavi, kwa sababu mtemi huyo alizaliwa, yapata mwaka wa 1860, wakati viwavi walipoishambulia nchi. Basi katika nyumba ile baba alichukua kumbukumbu ya shida, na mwana akachukua kumbukumbu ya mvua.

Kijana alisoma Mwisenge, kisha Tabora, kisha akaenda Makerere. Baba yake alifariki mwaka wa 1942. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1943, kijana akabatizwa, akaitwa Julius. Umri wake ulikuwa miaka 21.

Hapa ndipo twamwomba msomaji atulie afikiri pamoja nasi. Wengi husema: Julius ni jina la Kikristo, na Kambarage ni la kipagani. Lakini Julius ni jina la namna gani? Lilikuwa jina la ukoo mmoja wa Kirumi, zamani sana kabla ya misheni kufika Afrika, na kabla ya Bwana wetu kuzaliwa. Kaisari yule mashuhuri, Julius Caesar, aliyeuawa mwaka wa 44 kabla ya Kristo, alikuwa wa ukoo huo. Nao watu wa ukoo huo walijisifu kwamba wametoka katika uzao wa Venus, mungu wa kike wa Warumi. Kwa hiyo, tukiangalia shina lake, Julius ni jina la watu walioabudu mungu wa kike, kama vile Kambarage ni jina la pepo wa kike. Hakuna tofauti hapo.

Ni nini basi kilicholitakasa jina la Julius? Ni watu waliolichukua. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 twasoma habari za akida Mrumi, jina lake Yulio, ndiye Julius kwa matamshi ya Biblia yetu. Alimchukua Paulo mfungwa, akamtendea wema. Baadaye alitokea Papa Julius wa Kwanza, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka wa 337 mpaka 352, na sikukuu yake ni tarehe 12 Aprili. Jina halikubadilika; aliyelivaa ndiye aliyelipa heshima.

Tena tuwatazame rafiki za mitume. Apolo aliyehubiri Korintho ana jina lililotokana na mungu wa Wayunani. Epafrodito alichukua jina la Afrodite, Dionisio wa Athene jina la mungu wa mvinyo, na Fibi, yule dada aliyewasaidia wengi, jina ambalo Wayunani walimpa mungu wao wa kike wa mwezi. Paulo aliwaandika wote kwa majina yao katika nyaraka zake, ila Dionisio ameandikwa na Luka; wala hatusomi kwamba mmoja wao aliambiwa alifiche jina lake.

Turudi kwa Kambarage. Baada ya kusoma Edinburgh alirudi, akafundisha Pugu mwaka wa 1953. Kutoka huko alikuwa akija mjini, mpaka ofisi ya chama cha Waafrika katika New Street, mtaa uitwao leo Lumumba, kando ya Kariakoo. Hapo ndipo chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Jina la Mugendi lilikuwa limeachwa zamani, lakini mwenyewe alikuwa mtembezi kweli. Mwaka wa 1955 akaacha kazi ya ualimu, akarudi kwao kwa muda. Huko alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll, akafasiri sehemu za Maandiko katika lugha ile. Yaani lugha iliyompa jina la pepo wa mvua, yeye aliitumia kuwapa watu wake Injili.

Baadaye aliishi Magomeni, na nyumba yake imehifadhiwa kuwa makumbusho. Atokaye Magomeni kwenda Kariakoo kwa barabara ya Morogoro hana budi kulivuka bonde la Jangwani. Hivyo mtu wa jina la mvua alilipita bonde lile la maji katika miaka ya kudai uhuru. Watu wa mjini walimwita Mwalimu, na karatasini wakaandika J. K. Nyerere. Kambarage akabaki herufi moja tu katikati.

Labda msomaji atauliza, mbona jina hili halikuenea, hali mwenyewe alipendwa hivyo? Sisi twaona sababu mbili. Kwanza, Wazanaki si wengi, na jina lenyewe lilikuwa la itikadi yao, halikutolewa ovyo. Pili, waliotaka kumkumbuka waliwabatiza watoto wao Julius, au wakawaita Nyerere. Kambarage wamepewa zaidi majengo na viwanja, kama ule uwanja wa mpira wa Shinyanga. Lakini mwenyewe hakuiacha desturi ya majina mawili. Wanawe waliitwa Andrew Burito, Charles Makongoro, Godfrey Madaraka. Jina la ubatizo mbele, na la nyumbani nyuma yake. Burito ni jina la wazee wa ukoo, na Madaraka ni neno la siku zile za kujitawala.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka wa 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua shauri la kumwombea atangazwe mwenye heri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Katika karatasi za shauri hilo jina la Kambarage limeandikwa wazi, wala halikufutwa.

Basi tulimwita tena yule mzazi wa Jangwani, tukamweleza haya kama tulivyowaeleza ninyi. Hatukumlazimisha. Alikaa kimya kitambo, kisha akatuambia babu yule alikuwa mtu wa namna gani: mkulima, asiyejua kusoma, aliyeuza ng'ombe wake ili wanawe wasome. Alipokwisha kusema, alitutajia jina, safari hii kwa sauti kamili, nasi tukaliandika katika daftari baada ya jina la ubatizo. Mtoto alilisoma, akatabasamu.

Ndugu zetu wasomaji, nanyi waulizeni wazee wenu maana ya majina yenu wangali hai, mkayaandike. Jina likiachwa bila kuulizwa, habari yake hufa pamoja na aliyelitoa.