Gobore la marisau katika baridi

Gobore la marisau ni bunduki ya mtutu laini inayoshindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti nyeusi, kisha kizibo kinene cha sufu, marisau, na kizibo chembamba cha kadibodi juu yake, kila kimoja kikisukumwa kwa mdeki. Uingereza lilitumika sana kuwinda bata mwitu, windo la majira ya baridi.

Baridi hulisumbua gobore hasa kupitia masizi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi ikishaungua hubaki yabisi; sehemu hutoka na moshi, sehemu hung'ang'ania mtutu. Hewa yenye unyevu huyalainisha masizi hayo. Hewa kavu ya barafu huyafanya gamba gumu, na baada ya milio michache mdeki hukwama. Kizibo kilicholoweshwa maji, dawa nzuri wakati wa joto, huganda. Mafuta ya wanyama nayo hukakamaa kama nta.

Bunduki iliyotoka kwenye theluji ikiingizwa penye moto hutoa jasho, na unyevu kidogo katika tundu la kuwashia hutosha kuzima mlio. Ndiyo maana huwekwa kibandani pasipo moto.

Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa la Belhelvie, Uskoti, alipata hataza ya mtambo wa kuwasha baruti kwa fulminati, kemikali inayolipuka ikigongwa, badala ya jiwe la gumegume na kisahani chake kilicho wazi kwa mvua. Fataki za shaba zilizofuata, vikofia vidogo vyenye kemikali ya namna hiyo, hustahimili theluji vizuri. Vidole vilivyokufa ganzi ndivyo huziangusha.