Skwota, mpangaji, mlowezi: Nani alikaa kitako Mombasa bara?

Majuzi nilivuka feri kwenda Likoni kusikiliza baraza la ardhi. Afisa aliyekuwa akizungumza alirudia mara kadhaa: “Nyinyi maskwota wa hapa...” Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akainua mkono. “Mwanangu,” akamwambia, “skwota ni mtu gani? Mimi nakaa hapa. Babangu alikaa hapa, na kaburi lake ndilo lile.” Watu wakacheka, afisa naye akacheka, baraza likaendelea. Lakini swali halikujibiwa, nami nikarudi nalo kisiwani.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiingereza kina “settler” na “squatter”, na yote mawili yamhusu mtu aliyefika mahali akafanya makao. La kwanza latokana na neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kiti. La pili latokana na Kifaransa cha kale, likapitia maana ya kujibana chini hadi ikawa kuchutama. Kwa lugha ya Mombasa, “settler” ni aliyekaa kitako na “squatter” ni aliyechutama. Na mwenye kuchutama, kila mtu ajua, hakukaa. Yu tayari kuinuka akiambiwa ondoka.

Kiswahili hakina mgawanyo huo. Kukaa ni kuketi, na kukaa ni kuishi. Ukimuuliza mtu wa Kisauni “wakaa wapi?” humuulizi kama ana hatimiliki.

Si kwamba Waingereza wenyewe walilitumia neno hilo kwa maana moja kila walikokwenda. Huko Australia katika karne ya 19, “squatter” aliishia kuwa bwana mkubwa wa kondoo, tajiri wa kuogopwa, ingawa mwanzo wake ulikuwa kuchukua malisho bila kibali. Hapa Kenya neno liliwaangukia Waafrika. Mzungu aliyepewa maelfu ya ekari katika nyanda za juu aliitwa “settler”, nasi tukamtafsiri mlowezi, kutokana na kitenzi kulowea, yaani kuhamia mahali ukapazoea. Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi huyo, akilima kipande chake na kumfanyia tajiri kazi, akawa “squatter”. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Sheria hiyo ilimwita kibarua mkaazi, na neno “tenant”, yaani mpangaji, likakwepwa kwa sababu inayoeleweka: mpangaji ana haki ya kudai, kibarua ana kazi ya kufanya.

Pwani mambo yalikuwa na njia yake. Kisauni ndiko wamisheni wa CMS walikoanzisha Freretown mwaka 1875, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mashamba mengine ya bara yaliendelea kulimwa na watumwa hadi mwaka 1907, sheria ilipoufuta utumwa katika ukanda huu uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina na chini ya Waingereza kwa vitendo. Mabwana walilipwa fidia. Walioachwa huru hawakupewa ardhi.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja Sheria ya Hati za Ardhi. Kila aliyedai ardhi ya ukanda wa pwani alitakiwa ajitokeze na madai yake yaandikishwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Ukiitazama orodha ya waliokuwa na nafasi ya kujitokeza, utaona upesi ni nani aliyebaki nje: Mmijikenda ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, isiyokuwa na karatasi, na mtumwa wa jana, ambaye hata nafsi yake ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa yake. Mwanahistoria Frederick Cooper alipoandika kitabu kuhusu Unguja na pwani ya Kenya katika miaka hiyo, alikiita kwa Kiingereza “Kutoka Watumwa hadi Maskwota”. Kilichapishwa mwaka 1980, na jina lake pekee ni somo la historia.

Ila hapa nina neno langu. Wale watu hawakuingia mashambani kwa mlango wa nyuma. Wengi walikaa kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakilipa ijara au kumgawia mavuno, wakipanda mihogo na mahindi lakini wakikatazwa kupanda minazi. Katazo hilo lina maana yake. Kwa desturi ya pwani mti ni mali peke yake, mbali na ardhi uliyosimama juu yake, kwa hivyo anayepanda mnazi amejipandia haki. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Kuanzia Changamwe, penye jina la mojawapo ya Thelatha Taifa, hadi Kisauni na Likoni, utakuta mtu asema bila wasiwasi: nyumba ni yangu, kiwanja ni cha fulani, nampa kodi ya ardhi. Wanazuoni wa Kiislamu hawakuona tatizo katika mpango huo. Sheria ya Kiingereza ndiyo iliyoona ajabu, maana kwake kilichojengwa ardhini ni sehemu ya ardhi.

Sasa tazama ugumu wa karani wa Kiingereza aliyetakiwa amwandike mtu huyu. Akimwita “tenant”, amempa mkataba. Akimwita “tenant at will”, amempa upangaji uliofungwa kwenye hiari, na hiari ya mwenye ardhi ndiyo inayobomoa nyumba. Akimwita “squatter”, amesema hakuna aliyemruhusu. Hilo la mwisho halikuwa kweli, na ndilo lililoshika. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 2012 bado yamweleza “squatter” kuwa mtu anayekalia ardhi ya mwingine bila ridhaa yake.

Ndipo hapa jambo linapogeuka, na msomaji anivumilie kidogo. Kenya ina Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22. Chini yake, mtu aliyekaa waziwazi kwenye ardhi ya mwingine kwa miaka 12, bila nguvu na bila ruhusa, anaweza kwenda kortini adai iwe yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani iliyoketi Malindi ilisema kanuni hiyo haipingani na Katiba ya 2010. Ardhi ya serikali haiguswi, lakini ya mtu binafsi yaguswa. Sharti kubwa ni hilo la “bila ruhusa”. Mpangaji, hata akae miaka 60 akilipa kodi kwa uaminifu, hana kesi, kwa kuwa kila risiti aliyoiweka sandukuni ni ushahidi kwamba aliruhusiwa. Neno la heshima lamfukuza, na neno la matusi huenda likamwokoa!

Kiswahili kimejaribu kujinasua. Wenye hati husema “wavamizi”, na wanasiasa husema “wakaazi” wakati wa kura. Magazeti, hili likiwemo, yamezoea “maskwota”. Sisi tulilichukua neno zima na harufu yake, na sioni kwamba ulikuwa uvivu. Hatukuwa na neno la mtu aliyezaliwa mahali akahesabiwa mgeni wa hapo hapo. “Mvamizi” halimfai, maana mvamizi hufika usiku na kundi lake. Katika Shamba la Waitiki, ekari zipatazo 930 hapo hapo Likoni, maneno yote matatu yalitumika kwa watu wale wale kwa miaka mingi, hadi Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta alipokuja kugawa hatimiliki.

Nilimtafuta yule mzee baada ya baraza kuvunjika. Nikamuuliza angependa aandikwe vipi. “Mkaazi,” akasema. Akanionyesha fomu aliyopewa, na mkaazi hakumo. Babake, akaniambia, alikuwa akimpelekea mwenye shamba kodi kila mwaka. Yeye mwenyewe aliwahi kuipeleka, kisha yule mwenye shamba akafariki, na wanawe wakawa hawaonekani.

Wakili anayemsaidia hakumuuliza kuhusu mwembe wala kaburi. Alimuuliza kodi ilikoma mwaka gani, na mzee hajakumbuka.