Kubadilisha Msingi Wapangaji Wakiwa Ndani

Watu wengi hudhani kuwa kompyuta haizeeki maadamu inawaka. Mimi niliyetunza seva za Linux kwa miaka mingi naliona jambo hili kwa jicho jingine. Seva huzeeka huku ikifanya kazi vizuri, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa hakuna anayetaka kuigusa.

Linux yenyewe, aliyoianza Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, ni kiini tu cha mfumo. Ili itumike haina budi kukusanywa pamoja na programu nyingine nyingi. Kazi hiyo ndiyo aliyoishika Ian Murdock mwezi Agosti 1993 alipoanzisha Debian, jina aliloliunga kutokana na lake mwenyewe na la mpenzi wake, Debra.

Kilichonivuta kwa Debian ni kule kukataa desturi ya kufuta diski na kuanza upya kila litokapo toleo jipya. Msimamo huo ulijaribiwa Julai 1998, lilipotoka toleo la 2.0. Karibu kila programu ya Linux hutegemea maktaba moja ya lugha ya C, iitwayo libc. Ya tano ilikuwa ikiachwa, ya sita inashika nafasi yake, na hizo mbili hazikupatana. Ukitanguliza kipande kisichostahili kutangulia, hata programu ya kusakinishia programu nyingine huweza kugoma. Fikiri, msomaji: unabadilisha msingi wa nyumba na wapangaji wamelala ndani! Ilibidi iandikwe skripti maalumu ya kupanga nani atangulie. Machi 1999 toleo la 2.1 likaja na APT, programu ijuayo mfuatano huo yenyewe, na mzigo ukawa mwepesi.

Mwaka 2010 nilikabidhiwa seva ya shule moja, yenye Debian 4.0 ya mwaka 2007. Marekebisho ya usalama ya toleo hilo yalikuwa yamekoma Februari mwaka huo huo. Ndani yake mlikuwa na matokeo ya wanafunzi wa miaka kadhaa, na nakala ya akiba ilikuwa kanda moja tu, tena isiyosomeka. Kwanza nikanakili kila kitu kwenye diski mbili na kuzijaribu zote. Kisha nikapanda hadi 5.0, kwa sababu Debian haikubali mtu aruke toleo.

Katikati ya kazi mfumo huuliza: faili hili la mipangilio limebadilishwa, ubaki nalo au uchukue jipya? Nikalifungua. Aliyenitangulia alikuwa ameandika humo: "Usiguse mstari huu, printa ya ofisi itanyamaza." Nikajibu kwamba nabaki na la zamani. Februari 2011 lilipotoka toleo la 6.0 swali lilelile likaja, nikajibu vilevile, na printa ikaendelea kuchapa ripoti za muhula.