Kabla hujatuma msimbo wako, ujaribu kwanza kwa jina la Ng'washi

Umekaa wiki nzima unarekebisha kosa kwenye programu huria. Leo limekubali. Kwenye laptopu yako kila kitu kiko poa, na kidole kiko tayari kubonyeza kitufe cha kutuma.

Subiri kidogo.

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kupendekeza mabadiliko. Hiyo ndiyo raha yake, na hatari yake iko hapo hapo. Ukikosea, anayeumia mara nyingi siyo wewe. Ni mtu usiyemjua, mahali ambapo hakuna fundi wa kompyuta wa kumpigia simu.

Inatuhusu vipi sisi?

Wengi hudhani programu huria ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kumbe mojawapo inayotumika sana hospitalini ina mizizi Eldoret, Kenya. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 na watu wa Regenstrief Institute ya Indiana, Marekani, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Leo unatumika katika nchi nyingi.

Tanzania nayo, takwimu za vituo vya afya hukusanywa kupitia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Yaani kijana mwenye laptopu Dar es Salaam au Mwanza anaweza kutuma mabadiliko yatakayofika zahanati ya kijijini. Swali ni moja: umeyajaribu?

Mfano: mtoto wa Usevya

Usevya iko Mpimbwe, mkoani Katavi. Ukitokea Mpanda, unapita Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi kabla ya kufika upande huo. Wenyeji ni Wapimbwe, lakini wapo pia Wasukuma wengi waliohamia na mifugo yao. Na majina mengi ya Kisukuma yana *ng'*.

Sasa fikiria hivi. Umeongeza sheria kwenye fomu ya usajili: jina liwe na herufi tupu. Umejaribu kwa "Juma", ukajaribu kwa "Neema". Yote yamekubali, ukatuma.

Mama anafika kliniki na mtoto anayeitwa Ng'washi. Fomu inakataa ile alama ya juu. Foleni ni ndefu, mhudumu anaamua kuandika "Ngwashi" ili kazi iende.

Baadaye mwenzako anagundua tatizo, anaruhusu alama hiyo. Anajaribu mara moja kwenye kompyuta yake, inakubali, naye anatuma. Lakini mhudumu wa siku hiyo anatumia simu, na kuna simu ambazo kibodi yake huweka alama iliyopinda: Ng’washi. Kwa macho ni jina lile lile. Kwa kompyuta, alama iliyonyooka ni namba 39 na iliyopinda ni namba 8217. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mhudumu anatafuta jina, halipatikani. Anafungua faili jipya. Mtoto mmoja sasa ana mafaili mawili, na chanjo aliyopata mwezi uliopita iko kwenye faili ambalo hakuna anayeliona.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini makosa ya aina hii ni ya kawaida kwenye programu. Na yote mawili yangekamatwa na jaribio la dakika tano.

Hatua 6 za kufuata

1. Soma maelekezo ya mradi. Miradi mingi ina faili la README au CONTRIBUTING. Humo utakuta namna ya kuendesha majaribio na utaratibu wa kutuma. OpenMRS, kwa mfano, hutaka mabadiliko yaambatane na namba ya tiketi ya tatizo unalolitatua.

2. Endesha majaribio kabla hujagusa kitu. Hii watu wengi wanairuka. Kama kuna jaribio linalofeli tayari, unajua siyo kosa lako. Usipofanya hivyo utahangaika siku mbili kutafuta kosa ambalo hukulifanya.

3. Andika jaribio linalofeli kwanza. Onyesha ugonjwa kabla ya dawa. Andika jaribio linalosajili "Ng'washi", liendeshe, ulione likifeli. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likifeli huwezi kujua kama linapima kitu.

4. Rekebisha, kisha endesha yote. Siyo lile lako tu. Ukigusa fomu ya usajili unaweza kuharibu sehemu ya kutafuta au ya ripoti bila kujua.

5. Jaribu kwa mkono, kama mtumiaji. Fungua programu, jaza fomu. Kwa jina, jaribu angalau haya:

- Ng'washi, alama iliyonyooka
- Ng’washi, alama iliyopinda
- ng'washi, herufi ndogo tupu
- Ng'washi na nafasi tupu mwishoni
- mtu mwenye jina moja tu
- sehemu ya jina ikiachwa wazi

Halafu kata intaneti katikati ya kuhifadhi, uone kinachotokea. Vijijini hilo ni jambo la kila siku.

6. Kagua unachotuma. Andika `git diff` usome mstari kwa mstari. Je, kuna nywila imesahaulika? Kuna faili lisilohusika? Na usitumie kamwe taarifa za wagonjwa halisi kwenye majaribio. Msimbo ukishakuwa wazi duniani, kuurudisha ni kazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Bando ni dogo, laptopu ni nzee?

Msimbo wa OpenMRS umeandikwa kwa lugha ya Java na hutumia Maven. Mara ya kwanza Maven hupakua mafaili mengi, na bando linaweza kwisha hapo hapo. Fanya kazi hiyo ukiwa mahali penye intaneti nzuri, mjini Mpanda kwa mfano, na hakikisha umeendesha majaribio yote mpaka mwisho. Mafaili hayo hubaki kwenye kompyuta yako. Ukirudi nyumbani, `mvn -o test` huendesha majaribio bila intaneti.

Kama kompyuta haiwezi kabisa, tengeneza nakala yako ya mradi kwenye GitHub, uwashe huduma ya GitHub Actions kwenye nakala hiyo. Majaribio yatafanyika kwenye kompyuta za huko, nawe utaangalia majibu kwenye simu: tiki ya kijani imepita, alama nyekundu imefeli. Yote hayo kabla ya kuwasumbua wahakiki wa mradi.

"Si kuna wahakiki?"

Wapo, lakini nao ni binadamu. Mwishoni mwa 2011, mchangiaji mmoja alituma mabadiliko kwenye OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Mhakiki aliyapitia, yakaingia. Ndani yake kulikuwa na kosa: programu iliamini urefu wa ujumbe uliotajwa na mtumaji bila kuuhakiki. Ukidanganya urefu, ilikurudishia vipande vya kumbukumbu ya seva, ambavyo vingeweza kuwa na nywila za watu.

Kosa hilo, lililopewa jina Heartbleed, lilitangazwa Aprili 7, 2014. Lilikuwa limeishi wazi zaidi ya miaka miwili, mbele ya macho ya kila mtu. Jaribio moja la kutuma urefu wa uongo lingeweza kulifichua.

Ndiyo maana jaribu na vitu visivyotarajiwa pia. "Juma" na "Neema" watapita tu.

Ukishatuma, sema ukweli

Kwenye ombi lako la kuunganisha msimbo, andika kwa ufupi: tatizo lilikuwa nini, umebadilisha nini, umejaribu vipi. Kisha ongeza kile ambacho hukujaribu. Kwa mfano: "Nimejaribu kwenye Chrome ya kompyuta. Kwenye simu bado."

Sentensi hiyo ya mwisho haikuaibishi. Inamwambia mhakiki aangalie wapi, na pengine atatokea mtu mwenye simu akumalizie sehemu iliyobaki.