Dhehebu
Neno dhehebu limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni njia ya kupita. Huko Kilwa neno hilo bado hutaja shule za sheria ya Kiislamu, ambazo nne kati yake Wasunni huzikubali zote; mojawapo ni ya Washafii, ambao msafiri Ibn Battuta aliwakuta Kilwa mwaka 1331. Wakristo, wakiwemo Waanglikana wa Masasi na watawa Wabenedikto wa Ndanda, hulitumia kwa maana ya kanisa moja kati ya mengi. Anayefundisha kwamba wokovu, yaani kuokolewa kutoka dhambini, umo katika dhehebu lake tu, huigeuza njia kuwa mwisho wa safari. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1964 ulikiri kwamba Roho wa Kristo huyatumia hata makanisa yaliyotengana na Roma kuwa vyombo vya wokovu.