Maneno ya Utawala Wilayani: Mfano wa Ulanga

Mto mkubwa wa bonde la Kilombero una majina mawili. Ramani za zamani huuita Ulanga, za siku hizi huuita Kilombero. Nao ukisha kukutana na Luwegu huacha majina yote mawili ukaitwa Rufiji. Majina hayo ya mto mmoja ndiyo leo majina ya wilaya mbili za Mkoa wa Morogoro zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo: Kilombero kaskazini, Ulanga kusini. Lakini katika jalada la miaka ya 1950 "Wilaya ya Ulanga" ni bonde zima, pamoja na Ifakara. Kilombero ilimegwa katika miaka ya 1970, na Malinyi ikafuata katika miaka ya 2010. Hata baada ya mgawanyo ule wa kwanza, Ulanga ilibaki na eneo linalozidi kilomita za mraba 24,000, karibu sawa na nchi nzima ya Rwanda. Basi mfasiri anayehamisha jina hilo kutoka jalada moja hadi jingine bila kutazama tarehe huenda akauhamisha mji wote wa Ifakara asijue.

Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba jambo lililolipata jina la Ulanga limeyapata pia maneno ya kawaida ya utawala. Neno hubaki, nacho kitu kinachoitwa kwa neno hilo hubadilika.

Tuanze na boma, kwa kuwa makao ya wilaya yalikuwa boma la Mahenge, lililo juu ya vilima kusini mwa mto. Wako wasemao kwamba boma ni herufi za mwanzo za jina la idara fulani ya Waingereza. Maelezo hayo hayana msingi. Neno ni la Kibantu, maana yake ua au ngome ya miti, na Stanley alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1878, miaka mingi kabla ya Waingereza kuitawala Tanganyika. Boma la Mahenge lenyewe lilishambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Wadachi, na tarehe 9 Oktoba 1917 Mahenge ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo. Raia aliposema "naitwa bomani" hakuwa akitaja jengo tu, bali serikali nzima.

Wadachi hawakuunda istilahi mpya. Waliyachukua maneno ya Pwani waliyoyakuta yakitumika chini ya Sultani wa Zanzibar: liwali, akida, jumbe. Akida kwa asili ni kiongozi wa askari. Chini ya Wadachi akawa mkusanya kodi na mwamuzi wa mashauri, mwenye majumbe kadhaa chini yake. Hata neno shauri waliliingiza katika Kijerumani chao cha koloni, kwa maana ya kikao cha kusikiliza kesi. Baadaye ofisa wa Kiingereza wa wilaya aliitwa na watu Bwana Shauri. Kwa hiyo neno halmashauri, tunalolidhania kuwa la uhuru na la uchaguzi, lina ndani yake shauri lililokwisha kupita katika vinywa vya mabwana wa aina mbili.

Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya utawala wa wenyeji, na maakida wakaanza kuwapisha watawala wa jadi. Bondeni, Wabena walikuwa na mtema, cheo ambacho wengi hukihusisha na kutema msitu. Towegale Kiwanga, mwenye cheo hicho, aliandika sura moja katika kitabu cha A.T. Culwick na G.M. Culwick kuhusu Wabena wa mitoni, kilichochapishwa mwaka 1935. Wapogoro, Wandamba na Wambunga walikuwa na taratibu zao wenyewe. Lakini katika karatasi za serikali wote hao waliingizwa katika neno moja, "chifu". Mfasiri wa leo asiwarudishe wote kuwa "watemi" kwa kutafuta ladha ya kienyeji; afadhali aliache neno chifu lilivyo, maana hicho ndicho cheo ambacho sheria ilikitambua, na ndicho kilichofutwa mwaka 1963.

Neno jimbo lahitaji uangalifu zaidi. Katika Tanganyika ya Waingereza, jimbo lilikuwa eneo kubwa lenye wilaya kadhaa ndani yake. Baada ya uhuru, nafasi hiyo ilichukuliwa na mkoa, na jimbo likabaki kuwa eneo la kumchagua mbunge. Nchini Kenya, majimbo ya katiba ya mwaka 1963 yalikuwa kitu kingine tena, na kata ya huko haikuwa kata yetu. Sentensi "wilaya imo katika jimbo" ni sahihi kwa mwaka 1955. Kwa leo ni kinyume chake, kwa kuwa jimbo ndilo limo katika wilaya.

Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, nazo halmashauri za wilaya zikavunjwa. Zilirudi mwaka 1984 kwa Sheria Na. 7 ya 1982. Kwa hiyo hati ya mwaka 1978 inayotafsiriwa kuwa imetoka "Halmashauri ya Wilaya ya Ulanga" ina kosa la historia, hata kama sarufi yake haina dosari. Diwani naye alirudi. Neno hilo ni la asili ya Kiajemi, lililotujia kwa njia ya Kiarabu, na katika Mrima wa karne ya 19 diwani alikuwa mtawala wa mji, si mjumbe wa kuchaguliwa.

Tangu hapo pana ngazi mbili zinazochanganywa kila siku. Mkuu wa Wilaya na Afisa Tarafa ni wa serikali kuu. Halmashauri, kata, kijiji na kitongoji ni za serikali za mitaa. (Ajabu ya neno hili ni kwamba mkulima wa bondeni hana mtaa, mtaa ni wa mjini.) Wilaya na halmashauri si kitu kimoja. Leo Wilaya ya Kilombero ina Halmashauri ya Mji wa Ifakara na Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, wala hakuna halmashauri yenye jina la Kilombero.

Penye madhara makubwa zaidi ni neno kijiji. Kabla ya mwaka 1975 kijiji kilikuwa nyumba za watu na mashamba yao. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka huo ilikifanya kiandikishwe, kiwe na kaya zisizopungua 250, na halmashauri yake iweze kushtaki na kushtakiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaipa halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Anayeandika "kijiji" kwa kitu cha mwaka 1930 humpa jumbe mamlaka ambayo hakuwa nayo.

Na mpaka wa kijiji cha bondeni hukutana na neno jingine, pori tengefu. Sehemu kubwa ya bonde ilitengwa hivyo mwaka 1952. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 1974, pori tengefu lilikuwa mahali ambapo uwindaji ulidhibitiwa, lakini watu waliweza kukaa, kulima na kuchunga. Sheria Na. 5 ya 2009 ililiacha neno, ikakataza kulima na kuchunga ndani yake, na ikaagiza mapori hayo yapitiwe upya ili ardhi ya vijiji isiwemo. Mwaka 2012 mifugo mingi iliondolewa bondeni. Mzee aliyeambiwa zamani kwamba shamba lake limo katika pori tengefu hakuwa na sababu ya kuhofu. Mwanawe aliyeambiwa maneno yale yale, kwa shamba lile lile, alikuwa akiambiwa ahame. Kwa sababu hiyo, palipo na pori tengefu katika hati yoyote, twashauri mfasiri aandike pembeni mwaka wa sheria inayohusika, hata kama hati yenyewe haikuutaja.